Hoteli ya Midland: Reli, Makaa ya Mawe na Jiji la Manchester

Hoteli ya Midland, iliyofunguliwa mwaka 1903 katikati ya jiji la Manchester, kaskazini mwa Uingereza, ilizaliwa na biashara ya reli, kwani kampuni ya Midland Railway iliijenga jirani na kituo cha Manchester Central, ambako treni zake zilianzia safari ya kwenda St Pancras, London. Wakati huo kampuni za reli zilikuwa zimekwisha kuzoea kujenga hoteli mlangoni mwa vituo vyao vikuu, maana abiria aliyelala kwa kampuni alitarajiwa pia kusafiri nayo.

Ramani ilichorwa na Charles Trubshaw, msanifu majengo wa kampuni hiyo, aliyeunda kiunzi cha chuma na kukivika matofali mekundu, mawe ya matale yaliyosuguliwa na terakota, yaani udongo wa mfinyanzi uliofinyangwa katika kalibu na kuchomwa tanuruni. Wapo wanaoyaona mapambo yake kuwa ya kujionyesha tu, lakini hukumu hiyo inasahau hali ya hewa ya Manchester ya enzi hizo, ambapo viwanda vya pamba, vilivyopeleka vitambaa vyake hadi pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na meko ya majumbani, vilimwaga masizi yaliyoyageuza majengo ya mawe kuwa meusi. Terakota yenye uso wa kung'aa iliweza kuoshwa, na hewa ya kuvuta ndani ilichujwa kabla ya kuwafikia wageni. Kampuni iliyogharimia usafi huo ilikuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa makaa ya mawe nchini, hivyo iliuza kinga dhidi ya uchafu ambao yenyewe ilisaidia kuuleta.

Mahali panapokutanisha wageni wenye fedha huzaa mambo ambayo mjenzi hakuyapanga. Tarehe 4 Mei 1904, Charles Rolls, aliyekuwa akiuza magari London, alikutana hapo na Henry Royce, fundi aliyetengeneza gari lake la kwanza katika karakana yake ya Manchester, na kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa kampuni ya Rolls-Royce. Hoteli ilikuwa pia na ukumbi wake wa michezo ya kuigiza, ambamo mwaka 1907 Annie Horniman, aliyerithi mali ya biashara ya chai, alianzisha msimu wa maonyesho kabla ya kuhamishia kundi lake katika ukumbi wa Gaiety, jijini humo humo.

Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, hoteli iliingia mikononi mwa serikali, na katika miaka ya 1980 ikarudi kwa wamiliki binafsi. Kituo chenyewe kilifungwa mwaka 1969, na mwaka 1986 paa lake kubwa la upinde likaanza kufunika ukumbi wa maonyesho na mikutano, ambao leo huiletea hoteli wageni waliokuwa wakiletwa na treni. Ni katika ukumbi huo, Oktoba 2023, ambapo Waziri Mkuu Rishi Sunak alikitangazia chama chake cha Conservative kwamba reli mpya ya mwendo kasi kutoka London haitajengwa hadi Manchester.