Gati Lililo Mbali: Nani Huwasimamia Wasimamizi wa Bandari ya Dar es Salaam?

Ndugu msomaji, ukipita sokoni Kamembe ukashika tairi la pikipiki, bati la kuezekea au kigae cha sakafu, jiulize limefikaje hapa. Huenda lilishushwa melini Dar es Salaam, likapakiwa kwenye lori hadi Rusumo, likafika Kigali baada ya takriban kilomita 1,500, kisha likapita Huye na msitu wa Nyungwe mpaka likateremka kwetu Rusizi. Kila siku ambayo kontena limekaa bandarini bila sababu imelipiwa na mtu, na mtu huyo wa mwisho ni wewe uliyelinunua. Tunailipia Bandari ya Dar es Salaam bila kupiga kura Tanzania. Kwa hiyo swali la nani anaisimamia bandari ile, na kwa namna gani, ni letu pia, hata kama hatuna kiti mezani.

Kulikuwa na zama ambapo tulikuwa na kitu kinachofanana na kiti, ingawa si sisi tuliokikalia. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliiteka Kigoma na Tabora kutoka kwa Wajerumani. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilibaki na Ruanda-Urundi, Uingereza ikachukua Tanganyika, na kwa mkataba uliotiwa saini London tarehe 15 Machi 1921 Wabelgiji wakakodishiwa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa ukodishaji ulikuwa milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Shehena ya kuja huku ilishushwa humo, ikapanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ndipo ikashika barabara za nchi kavu kuelekea Cyangugu na kwingineko.

Faranga moja, milele. Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa Waziri Mkuu alilieleza Bunge mnamo Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, kwamba mkataba huo haungeifunga nchi mpya. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu: Uingereza iliishika Tanganyika kwa dhamana ya kimataifa, na mdhamini hawezi kutoa milele kitu ambacho yeye mwenyewe amekabidhiwa kwa muda. Hata hivyo mambo ya gatini hayakubadilika kwa siku moja. Shughuli za Belbase ziliendelea kwa miongo mingine, zikafikia kikomo katikati ya miaka ya 1990. Sisi wa bara tulipoteza upendeleo, na nadhani ilikuwa haki tuupoteze. Tangu hapo bandari ikawa ya mwenye nchi peke yake, na uzuri au ubaya wa uendeshaji wake ukawa juu ya serikali yake.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya kuwa ya Tanzania peke yake, bandari hiyo ilisimamiwa na nchi tatu kwa pamoja. Chini ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967, lile shirika kubwa la reli na bandari lililorithiwa kutoka kwa Waingereza liligawanywa mwaka 1969, na Shirika la Bandari la Afrika Mashariki likapewa makao makuu Dar es Salaam. Liliendesha Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Juu kabisa walikaa marais watatu, ambao kikao chao kiliitwa Mamlaka ya Jumuiya. Lakini Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha marais hakikufanyika tena. Msomaji wangu, hebu tafakari hali hiyo: shirika la umma lenye meli, winchi na maelfu ya wafanyakazi, na msimamizi wake mkuu haitishi kikao mwaka baada ya mwaka. Ugomvi wa fedha baina ya makao makuu na mikoa, ambao kikao kimoja kingeweza kuutuliza, ulikosa wa kuuamua. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Mwaka huohuo Tanzania ilitunga sheria na kuunda Mamlaka ya Bandari yake. Mimi ni mwalimu wa lugha, nivumilie nitazame neno hili. Kilichokuwa shirika sasa kiliitwa mamlaka. Shirika linatokana na kushirikiana. Ndani yake kuna washirika wanaodaiana hesabu. Mamlaka katika Kiarabu ni ufalme. Sidai kwamba watunga sheria walikusudia hivyo, kwani jina hilo walipewa pia wenzao wengi, lakini anayeitwa mamlaka huzoea kuulizwa maswali na mmoja tu, naye ni aliye juu yake. Sheria mpya ya Bandari Na. 17 ya 2004 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, maarufu kwa kifupi cha TPA, ikaanza kazi Aprili 2005 na inaendelea hadi leo.

Ukiisoma karatasini, TPA haikosi macho ya kuitazama. Msajili wa Hazina huangalia mitaji ya umma kwa niaba ya Serikali. Wizara yenye dhamana ya uchukuzi huangalia sera. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Watanzania humwita CAG, hukagua vitabu. Bunge lina kamati: kwa muda palikuwa na Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, ikaondolewa mwaka 2013 na kazi zake zikahamia kwa kamati nyingine. Juu ya hayo kuna mdhibiti wa usafiri wa majini, kwanza SUMATRA na baadaye TASAC. Ndani ya shirika kuna Bodi ya Wakurugenzi, na chini yake mkaguzi wa ndani. Macho ni mengi. Tatizo ni kwamba Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, na Mkurugenzi Mkuu, ambaye Bodi inapaswa kumwajibisha, naye huteuliwa na Rais. Bodi isiyomwajiri mtendaji wake na isiyoweza kumwondoa humwajibisha kwa nasaha tu. Akikaidi, Bodi humtazama Waziri, Waziri humtazama Rais.

Kisa cha kwanza cha kuonyesha hayo ni cha TICTS. Mwaka 2000 kitengo cha makontena cha Dar es Salaam kilikodishwa kwa kampuni hiyo kwa miaka 10. Mwaka 2005, kabla hata miaka hiyo haijafika nusu yake ya pili kikamilifu, mkataba uliongezwa miaka 15. Msongamano ulipozidi na meli kupanga foleni nje ya bandari, wabunge walihoji nyongeza hiyo ilitolewaje, na mwaka 2008 Bunge likapitisha azimio la kutaka isitishwe. TICTS iliendelea kuwepo gatini hadi mwisho wa 2022. Masharti yalijadiliwa upya katikati ya safari, ni kweli, lakini azimio la Bunge lilibaki kuwa maneno ndani ya kumbukumbu rasmi.

Kisa cha pili ndicho ninachotaka tukikalie. Tarehe 27 Novemba 2015, wiki chache baada ya Rais John Magufuli kuapishwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliingia bandarini bila taarifa. Alikuwa na orodha ya makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi, hasara iliyotajwa kuzidi shilingi bilioni 80. Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Tarehe 3 Desemba Waziri Mkuu akarudi. Safari hii alizungumzia makontena 2,387 yaliyopita mwaka 2014 bila stahiki kulipwa. Tarehe 7 Desemba ikatangazwa kwamba Rais ameivunja Bodi ya TPA na kutengua uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu. Katibu Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi naye akaondolewa. Wananchi walishangilia. Hata hapa kwetu watu waliisikiliza habari hiyo redioni kama wanaosikiliza mpira.

Lakini ile hesabu ya makontena 2,387 Waziri Mkuu hakuigundua kwa kutembea baina ya makontena. Ilikuwa ndani ya ripoti ya ukaguzi wa ndani wa Mamlaka yenyewe, iliyoandikwa miezi kadhaa kabla. Mkaguzi, mtu wa ngazi ya kati ambaye jina lake halikushangiliwa popote, alikuwa amefanya kazi yake. Alihesabu, akaandika, akawasilisha. Mfumo ulikuwa umeona. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma karatasi ile na kulazimika kuijibu kabla ya kiongozi wa kitaifa kuja na kamera. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kasoro ya mashirika ya umma ya Afrika Mashariki ni ukosefu wa wakaguzi. Wakaguzi wapo, na baadhi yao ni hodari kupita kiasi cha mishahara yao. Ripoti zao ndizo hukosa njia ya kutoka mezani.

Nami sipuuzi ziara ile. Iliokoa fedha na iliwatia hofu waliostahili kuogopa. Lakini uangalie mfululizo. Agosti 2012 Waziri wa Uchukuzi alikuwa tayari amemsimamisha Mkurugenzi Mkuu wa TPA pamoja na wasaidizi wake. Februari 2015 Waziri mwingine akamsimamisha kiongozi aliyefuata. Desemba 2015 akaondolewa wa tatu, pamoja na Bodi. Tarehe 28 Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akipokea ripoti ya CAG ya mwaka 2019/20 Ikulu ya Chamwino, akamsimamisha mwingine ili uchunguzi ufanyike. (Kusimamishwa si kutiwa hatiani, somo hilo la uraia tusilisahau kwa sababu tu habari ni tamu.) Kama chombo kinamwondoa nahodha kila baada ya miaka michache na mwamba uko palepale, mwenye chombo anapaswa kuitazama ramani. Na kuna gharama isiyoandikwa popote: mkurugenzi anayejua kwamba anaweza kuondolewa kwa tamko la siku moja huogopa kusaini. Mafaili hulala. Sisi tulio mwisho wa barabara huona matokeo kwa jina la kuchelewa.

Mwaka 2023 mjadala ulibadili sura. Serikali ya Tanzania na ya Dubai zilikuwa zimetia saini makubaliano mwezi Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023, ili DP World iingie katika uendeshaji wa bandari. Watu walibishana barabarani, misikitini, makanisani na mitandaoni. Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa Agosti. Tarehe 22 Oktoba mikataba ikasainiwa Chamwino, ya miaka 30, na mwaka uliofuata kampuni ikaanza kazi katika sehemu ya magati. Wapo waliosema nchi imeuzwa, wapo waliosema foleni itakwisha. Mimi nasimama kwingine. TPA sasa inageuka kutoka mwendeshaji kuwa mwenye nyumba anayepangisha, na mwenye nyumba anahitaji usimamizi mkali zaidi, maana kazi yake imebaki kuisoma mikataba na kuwabana wapangaji kwayo. Kisa cha TICTS kinatukumbusha kwamba mpangaji huongezewa muda ndani ya chumba, na umma huja kujua baadaye. Katika hili waliobishana mwaka 2023 walifanya jambo jema hata pale walipokosea hoja: walijadili mkataba kabla ya saini ya mwisho, jambo ambalo kizazi cha 2005 hakikupata nafasi ya kulifanya.

Kwa upande wetu, Tanzania imetenga maeneo katika bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, kwa ajili ya nchi jirani zinazotumia Dar es Salaam, Rwanda ikiwemo. Msomaji aliyenifuata tangu mwanzo atakuwa ameona kivuli cha Belbase, ila safari hii hakuna faranga moja wala milele, na makubaliano ni baina ya nchi huru. Na kwa kuwa mpango wa bandari za Ziwa Kivu unaigusa Rusizi pia, maswali haya hayatabaki ya pwani tu. Nani atateua wasimamizi wa gati letu dogo, nani atasoma ripoti ya mkaguzi wake, na atapewa siku ngapi za kuijibu? Bunge letu lina Kamati ya Hesabu za Serikali inayowaita wakuu wa taasisi kujieleza juu ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu, na vikao hivyo huripotiwa redioni. Visikilizeni.

Ripoti za CAG wa Tanzania huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, na huchapishwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hulalamika kwamba ni ndefu. Nami huwaambia waanze na sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita, pale panapoonyeshwa lipi limetekelezwa, lipi bado, na lipi limeachwa bila jibu.