Reli Iliyong'olewa Kusini

Mwambie mtoto wa Mtwara wa leo kwamba hapa palikuwa na treni, atacheka. Lakini ilikuwepo! Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Mapori ya Nachingwea yakafyekwa. Mwaka 1949 reli ikafika huko kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. 1954 ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na 1958 ikafika Masasi.

Kumbe mradi wenyewe ulishakufa tangu 1951. Treni ikakosa mzigo wa kutosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa. Mkulima na korosho zake akabaki kutegemea malori.

Sasa serikali inapanga reli nyingine, Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Vizuri. Ila ndugu msomaji, ile ya kwanza ilitegemea zao moja la mgeni. Zao lilipokufa, nayo ikafa. Hii ya pili basi isimame na kwa mkulima, ipakie gunia lake la korosho. Makaa yakishuka bei, gunia hilo ndilo litakaloilisha.