Utungo Ulioanzwa Siku ya Rama

Siku ya tisa ya mwezi wa Chaitra, mwezi ungali unakua, Wahindu huadhimisha Rama Navami, siku ya kuzaliwa Rama. Wengi hufunga. Ifikapo adhuhuri, saa aliyozaliwa kwa itikadi yao, sanamu ya mtoto hubembezwa hekaluni kwa nyimbo.

Siku kama hiyo mwaka 1574, mjini Ayodhya, Tulsidas alianza kutunga Ramcharitmanas. Siku na mji amevitaja mwenyewe ndani ya utungo. Kisa cha Rama kilikwisha kutungwa kale na Valmiki kwa Kisanskriti, lugha ya wanazuoni. Tulsidas alichagua Kiawadhi, lugha ya mkulima na ya mama jikoni. Husimuliwa kwamba makuhani wa Varanasi walichukia: vipi neno takatifu litamkwe kwa lugha ya sokoni?

Zama ndizo zilizojibu. Tangu 1834 vibarua wa Kihindi walipelekwa Mauritius, kisha Trinidad na Fiji. Kisanskriti hawakukijua, na wengi hata kusoma hawakujua. Lakini beti za Tulsidas walizihifadhi vifuani. Lugha iliyobezwa ndiyo iliyoivusha sikukuu bahari.