Dola 80 Zilizoitikisa Nintendo

Tarehe 28 Julai 2011, kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilitangaza jambo ambalo haikuwahi kulifanya. 3DS, mashine yake ya gemu ya mkononi iliyoonyesha picha za pande tatu bila miwani, haikuwa imemaliza hata nusu mwaka madukani. Sasa ilikuwa inashushwa bei, tena si kidogo: Marekani kutoka dola 249.99 hadi 169.99, Japani kutoka yen 25,000 hadi 15,000. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, aliwaandikia wateja kuwaomba radhi, kisha akajikata nusu ya mshahara. Wakurugenzi wenzake walikatwa kati ya asilimia 20 na 30.

Mfanyabiashara kuomba radhi kwa sababu amepunguza bei si jambo la kila siku. Ila Iwata alijua anazungumza na nani. Aliyekuwa bado hajanunua alifurahi. Aliyepanga foleni mwezi Machi na kulipa bei kamili ndiye aliyebaki anajiuliza kama alifanywa mjinga.

Kwa miaka mingi, mashine za gemu kushuka bei lilikuwa jambo la kawaida. Zilitoka zikiwa ghali, vipuri vyake vikazidi kuwa rahisi kutengeneza kila mwaka, na kampuni ikamwachia mnunuzi sehemu ya nafuu hiyo, kwa kuwa fedha yenyewe ilikuwa kwenye gemu. Sony ilicheza mchezo huo vizuri kuliko wote. PlayStation 2 iliingia Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikafika 199 mwaka 2002, 149 mwaka 2004, na 99 mwaka 2009. Hakuna aliyelalamika, na ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako vijana hulipia mechi moja moja ya mpira, viliendelea kuitegemea hata baada ya PlayStation 3 kutoka. Ni kama nyanya sokoni: zikishuka bei jioni hakuna wa kushangaa, lakini zikishuka asubuhi mapema kila mtu anazigeuzageuza akitafuta palipooza.

Sega, washindani wa Sony, waliyaonja hayo ya asubuhi. Mei 1995, katika maonyesho ya gemu ya E3 jijini Los Angeles, mkuu wa Sega Marekani, Tom Kalinske, alitangaza kwamba mashine yao, Saturn, ilikuwa imeshafika kwenye maduka machache siku hiyo hiyo, kwa dola 399. Baadaye Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akatamka “299”, bei ya PlayStation kwa dola, akashuka. Hotuba yake yote ikawa hiyo, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kabla mwaka haujaisha Saturn nayo ilikuwa dola 299, lakini ilishajulikana nani anatangulia na nani anafuata. Mashine iliyofuata, Dreamcast, ilianza kwa dola 199 mwaka 1999, ikashushwa hadi 149 mwaka uliofuata, kisha 99 mwanzoni mwa 2001, wakati Sega imeshatangaza kwamba haitaitengeneza tena. Kwa bei hiyo iligombewa, ila ilikuwa mnada wa kufunga duka.

Microsoft nao walijikwaa Ulaya. Mashine yao, Xbox, ilizinduliwa huko Machi 2002 kwa pauni 299 nchini Uingereza. Wiki sita baadaye ikawa pauni 199. Waliowahi kununua walipozwa kwa gemu mbili na padi ya ziada.

Iwata alikwenda mbali zaidi. Waliokuwa na 3DS kabla ya bei kushuka, wakaiunganisha na duka la Nintendo la mtandaoni, walipewa jina la mabalozi na gemu 20 za bure: kumi za mashine ya zamani ya NES, zikiwemo Super Mario Bros. na The Legend of Zelda, na kumi za Game Boy Advance. Ujanja ulikuwa katika hizo kumi za pili. Nintendo haikuziuza kwenye 3DS kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa fedha. Aliyelipa dola 80 zaidi akawa ana kitu ambacho jirani yake aliyenunua kwa bei nafuu hawezi kukipata. Kwa maoni yangu, hapo ndipo jina la kampuni lilipookolewa, kuliko kwenye ile barua ya radhi.

Gharama yake haikuwa ndogo. Kwa miezi kadhaa 3DS iliuzwa chini ya gharama ya kuitengeneza, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 Nintendo ilipata hasara ya yen bilioni 43.2. Lakini Super Mario 3D Land ilitoka Novemba 2011 na Mario Kart 7 Desemba, watu wakapata sababu ya kununua mashine. Hadi inastaafu, 3DS zilikuwa zimeuzwa karibu milioni 76.

Bila gemu hizo, dola 80 zisingefua dafu. Wii U, mashine nyingine ya Nintendo iliyotoka 2012, ilipunguzwa dola 50 mwaka uliofuata, isitikisike. Ilikwama kwenye milioni 13 na ushei, na mwaka 2014 Iwata akajikata tena nusu ya mshahara kwa miezi kadhaa. Alifariki Julai 2015, wakati mashine ya kuirithi Wii U ikiwa bado inatengenezwa.

Mashine hiyo, Switch, ilianza kuuzwa Marekani Machi 2017 kwa dola 299.99. Kwa miaka minane Nintendo haikuipunguza huko rasmi hata senti moja, na dunia nzima ikanunua zaidi ya milioni 150. Agosti 2025, mrithi wake Switch 2 akiwa ameshafika madukani, bei ya ile ya kwanza ilibadilishwa: ikapandishwa hadi dola 339.99.