Uzito Unapomrudia Aliyepasuliwa

Daktari wa Goma amesoma kwa Kifaransa na fishi ya mgonjwa anaijaza kwa Kifaransa, kisha anainua kichwa na kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Istilahi nyingi hupotea katika safari hiyo fupi. Mojawapo ni *reprise de poids*, yaani uzito kuongezeka tena baada ya kupungua. Mjini kwetu istilahi hiyo inabeba habari mbili zinazopingana, na mgonjwa anayeelezwa vibaya anaweza kutoka chumbani akidhani amepongezwa.

Habari ya kwanza inajulikana na kila mama aliyepita kambi za Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala wakati wa vita hivi vya karibuni. Muuguzi anamzungushia mtoto utepe kwenye mkono wa juu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Anauvuta mpaka ushike ngozi bila kuiminya, kisha anasoma kwenye kidirisha. Chini ya milimita 115 utepe unaonyesha nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo mpaka karibu na 125 ni manjano, na zaidi ya hapo ni kijani. Mtoto wa nyekundu asiye na ugonjwa mwingine mkubwa anapewa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, mafuta, sukari na vitamini. Kila pakiti ina gramu 92 na kilokalori 500, naye anairarua kwa meno na kuinyonya. Wiki inayofuata anarudi mizanini. “Mama, mutoto anaongeza kilo,” anasema muuguzi, na hapo kila mtu anafurahi, kwa haki kabisa.

Habari ya pili inamhusu mtu mzima aliyekuwa na unene wa kupindukia, akapasuliwa ili apungue, akapungua kweli, na baada ya miaka mitatu, mitano au kumi anaona mizani inapanda. Upasuaji huu hufanywa Nairobi, hufanywa India, na mtu wa Goma mwenye uwezo huufuata huko. Njia kubwa ni mbili. Katika ya kwanza mfuko wa tumbo unakatwa kwa urefu, robo tatu yake au zaidi inaondolewa, na kinachobaki ni kama bomba jembamba. Ya pili ni mchepuko: daktari anatenga kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo kwa chini zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeanzisha mchepuko wa namna hii mwaka 1966.

Mtu huyu wa pili akirudi mtaani na kilo zake mpya, majirani wanamsifu. Hapa kukonda kunatia watu wasiwasi: wanafikiria kifua kikuu, wanafikiria UKIMWI, wanafikiria njaa. Aliponyauka walimhurumia kimyakimya. Sasa wanamwambia amenona, Mungu ambariki. Daktari naye akimwambia tu kwamba “kilo zinarudi”, sauti yake inaungana na ya majirani.

Kwa hiyo tunahitaji jina linalotenganisha habari hizi mbili. Kwa mtoto wa kambini napendekeza tubaki na *kuongeza kilo*, maana limeshazoeleka na linasema kweli. Kwa aliyepasuliwa napendekeza nomino *mrejeo wa uzito*, na kitenzi *kurudiwa na uzito*. Mtu wa Goma husema malaria imemrudia, homa imemrudia. Ugonjwa ndio unaotenda na mtu ndiye anayetendewa. *Amerudisha kilo*, kauli ninayoisikia zaidi, inamfanya mgonjwa mtendaji, tena mtendaji mwenye kosa, kana kwamba alikwenda kuzitafuta alikozitupa. Mgonjwa anayehukumiwa hivyo haji tena kupimwa. Madaktari wa fani hii duniani nao wanazidi kuacha maneno yenye lawama na kuzungumzia ongezeko la uzito linalojirudia, kama wanavyozungumzia ugonjwa sugu wowote unaotulia na kuamka.

Na mwili kweli unavutana na mwenyewe. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walipoachiwa kula, njaa yao haikuisha waliporudi walipoanzia. Mafuta ya miili yao yalipita kiwango cha mwanzo. Mwili unaopungua sana hutumia nishati kidogo na kudai chakula zaidi, uwe wa mkimbizi aliyekimbia Sake bila mzigo au wa mama aliyelipia hospitali ili apungue. Upasuaji unasaidia sana katika vita hii, kwa kuwa haupunguzi nafasi ya chakula peke yake. Sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Sehemu hiyo ikiondolewa, njaa inalegea, na homoni za utumbo zinazoleta shibe zinapanda. Kwa miaka kadhaa mtu anakula kidogo bila kujilazimisha. Kisha, kwa wengi, hamu ya kula inarudi polepole na kifuko nacho kinaweza kutanuka.

Mrejeo unahesabiwa kutoka uzito wa chini kabisa, ambao kwa kawaida hufikiwa kati ya mwaka mmoja na miwili baada ya upasuaji. Asiyewahi kupungua vya kutosha hana mrejeo; huko ni *kupungua kusikotosha*, na chanzo chake huenda ni kingine. Mpaka hapo wataalamu wanakubaliana. Wanapotafuta kiasi gani kiitwe mrejeo, wanaachana. Tuchukue mama wa sentimita 160 aliyepasuliwa akiwa na kilo 130, akashuka mpaka 85, leo ana 97. Zimemrudia kilo 12. Kwa anayesema kilo 10 zinatosha, huyu ana mrejeo. Kwa anayedai asilimia 15 juu ya uzito wa chini kabisa, hana, maana yuko kwenye 14. Kipimo kingine kinagawanya kilo zilizorudi kwa kilo zilizokuwa zimepotea, 12 kwa 45, karibu asilimia 27. Naona hiki ndicho cha kufuata, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikipa nguvu: kati ya vipimo vilivyolinganishwa, ndicho kilichoendana vizuri zaidi na kurudi kwa kisukari, shinikizo la damu na matatizo mengine.

Lakini mama huyu asikae na hesabu hiyo peke yake. Nchini Sweden, Lars Sjöström na wenzake walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Waliofanyiwa mchepuko walishuka kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 25 chini ya walipoanzia. Mama wa kilo 97 yuko chini ya alipoanzia kwa asilimia 25. Yuko palepale ulipo wastani wa Wasweden wale, na kwa jumla waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Upasuaji wake unafanya kazi, na wale wanaomwambia umeshindwa wanamwonea.

Kuutibu mrejeo kunaanza na kuuliza vizuri. Je, ameanza dawa inayonenepesha, kama steroidi, insulini au baadhi ya dawa za akili? Amezaa? Analala? Mji huu uliingiwa na vita Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Hofu na usiku wa macho vina nafasi yao kwenye mizani. Anakunywa nini? Nyama na sombe hushika kwenye kifuko na kuleta shibe. Sukre, juisi, bia na uji wa sukari hupita mbio, na hapo ndipo kilo nyingi hujificha kwa mtu anayeapa, kwa ukweli, kwamba sahani yake ni ndogo. Protini itangulie: sambaza, mayai, maharagi, jibini ya Masisi, bugali baadaye, kidogo. Aliye na mchepuko akianza ghafla kula kupita kiasi anastahili pia kuchunguzwa kwa kamera au picha, maana huenda tundu limefunguka kati ya kifuko na tumbo la zamani. Zipo dawa za sindano, liraglutidi na semaglutidi, na upo upasuaji wa marudio kwa wachache.

Kati ya njia ambazo mgonjwa anaweza kujitibu nazo mwenyewe, kufunga kula ndiko kunakonitisha. Aliyepasuliwa anaweza kunenepa huku damu yake haina chuma wala vitamini B12, na akitapika siku nyingi upungufu wa vitamini B1 unaweza kumharibia ubongo. Vidonge vyake vya vitamini na chuma ni vya maisha, hata kilo zikirudi, hasa zikirudi.

Aliyempasua yuko mbali na huenda njia imefungwa, kwa hiyo fishi ya Goma iwe na mistari minne: aina ya upasuaji na tarehe yake, uzito wa siku ile, uzito wa chini kabisa na mwezi ulipofikiwa, uzito wa leo. Mgonjwa akikosa fishi ya zamani, aulizwe kama ana picha au ujumbe wa hospitali kwenye simu.