Gome la Chile Ndani ya Chanjo ya Malaria

Watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya waliopewa chanjo ya malaria ya RTS,S katika majaribio yaliyoanza mwaka 2009 walidungwa pia kitu kilichotoka kwenye gome la mti usioota kwao. Ni quillay, mti wa Chile. Wamapuche, wenyeji wa huko, waliujua zamani sana: walifulia nguo povu la gome lake na kuchemsha gome hilo kutibu maradhi ya kifua. Wanastahili kutajwa kwanza.

Povu hilo hutokana na saponini. Uwezo wake wa kuamsha kinga, hata hivyo, ulianza kudhihirika katika mazizi ya farasi nchini Ufaransa. Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur aliwadunga farasi sumu ya dondakoo iliyofishwa makali, akaona kwamba waliotunga usaha palipodungwa ndio waliotoa kingamwili nyingi. Katika miaka ya 1920 akawa anauchochea uvimbe kwa makusudi: akachanganya tapioka, makombo ya mkate, hata saponini.

Lakini saponini hupasua chembe nyekundu za damu. Mwaka 1974 Kristian Dalsgaard wa Denmark alichuja gome hilo akapata Quil A, iliyotiwa kwenye chanjo za ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa binadamu, bado ilikuwa kali mno.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1991, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Charlotte Kensil na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba Quil A si kitu kimoja bali mchanganyiko wa saponini zaidi ya 20. Wakazitenganisha, wakazipa namba kwa mfuatano wa kutoka kwenye mtambo wa kuzitenganisha, kisha wakazijaribu kwa panya. QS-18, iliyokuwa nyingi kuliko zote, iliwadhuru vibaya. QS-21 iliamsha kinga kwa nguvu bila madhara makubwa. Tiba na sumu zilikuwa zimekaa pamoja katika gome moja, zikishabihiana mno.

Leo QS-21 imo katika chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, na katika RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Dozi ya mtoto ina mikrogramu 25 tu. Chanjo ya pili ya malaria, R21, nayo hutumia saponini za mti huohuo. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wameifanya hamira itengeneze QS-21, ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo magome ya Chile yangali yanahitajika.