Miaka Tisa ya Kungoja: Loreena McKennitt na Wasikilizaji Wake

Mwezi wa Novemba mwaka 2006 ilitoka albamu iitwayo An Ancient Muse, ya mwimbaji wa Kanada, Loreena McKennitt. Wapenzi wa sauti yake walikuwa wameingojea kwa miaka tisa, kwani ile iliyoitangulia, The Book of Secrets, ilitoka mwaka 1997. Baina ya kazi hizo mbili palikuwa na ukimya ambao sababu yake ilijulikana, ingawa mwenye msiba hakupenda kuuanika hadharani. Namna wasikilizaji walivyoipokea albamu hiyo ni jambo linalotuhusu sisi wapenzi wa ushairi, kwa kuwa ndani yake mna swali kongwe: msikilizaji ana haki gani juu ya huzuni ya mtunzi?

McKennitt alizaliwa mwaka 1957 katika mji mdogo wa Morden, mkoa wa Manitoba, mbali kabisa na bahari yoyote. Sauti yake ni ya juu na safi, na hupiga kinubi, piano na akodiani. Alianza kwa kuimba barabarani na sokoni, hasa katika soko la St. Lawrence mjini Toronto, na mwaka 1985 akatoa kanda yake ya kwanza, Elemental, kwa jina la kampuni aliyoiunda mwenyewe, Quinlan Road. Hata alipoingia mkataba wa usambazaji na makampuni makubwa, umiliki wa kazi zake haukumtoka mkononi. Ni jambo la kutajwa, maana miaka tisa ya kunyamaza si kila mwimbaji anaweza kuimudu. Aliye mtumwa wa mkataba huimba hata akiwa matangani.

Wapenzi wa ushairi wana sababu nyingine ya kumjua. Katika The Visit ya mwaka 1991 alilitia lahani shairi refu la Tennyson juu ya bibi wa Shalott, akaliimba ubeti baada ya ubeti kwa zaidi ya dakika kumi. Katika The Mask and Mirror ya mwaka 1994 akafanya vivyo hivyo kwa shairi la mtawa wa Kihispania, San Juan de la Cruz, na katika The Book of Secrets kwa kisa cha jambazi wa njiani kilichotungwa na Alfred Noyes. Watu waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba msikilizaji wa kisasa hana subira walikaa wakasikiliza hadithi nzima ya kishairi, kama wazee wetu walivyokaa kusikiliza utenzi. Nyimbo hizo ndefu ndizo zilizokuwa na wapenzi wakereketwa zaidi, na ndizo walizozitazamia watakapopata tena kitu kipya kutoka kwake.

Mwaka 1991 alihudhuria maonyesho makubwa ya sanaa na historia ya Waselti huko Venice, na hapo fikira zake zikapanuka. Alitambua kwamba watu hao, ambao wengi huwahusisha na Ireland na Scotland pekee, walienea Ulaya ya kati na kufika mpaka Anatolia katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Wagalatia wanaotajwa katika Agano Jipya walitoka katika mbari hiyo. Tangu hapo muziki wake ukaanza safari. Kinubi na fidla vikakutana na udi na kanuni, na majina ya Andalusia na Uturuki yakaingia katika nyimbo zake. Sikio la Mzanzibari halishangai sana likiusikia udi katika albamu hizi. Hapa kwetu, udi na kanuni ni ala za nyumbani tangu zama ambazo wapenzi wa taarabu huzihusisha na Sultani Barghash na Misri, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimezilea kwa zaidi ya karne. Aliyeshangaa ni yule msikilizaji wa kaskazini aliyetaka Uselti wake uwe wa ukungu na mawe ya kijani tu.

Kisha ukaja msiba. Mwezi wa Julai mwaka 1998, wakati The Book of Secrets ikiuzwa kwa mamilioni, mchumba wa McKennitt, ndugu wa mchumba huyo na rafiki yao walizama katika ajali ya chombo huko Georgian Bay, sehemu ya Ziwa Huron. Mwaka huo huo mwimbaji akaanzisha mfuko wa Cook-Rees kwa ajili ya uokoaji na usalama majini. Mwaka 1999 akatoa albamu ya maonyesho ya Paris na Toronto yaliyorekodiwa kabla ya ajali, na mapato yake akayaelekeza kwenye mfuko huo. Baada ya hapo akarudi nyumbani kwake Stratford, Ontario, ambako alinunua jengo la shule ya zamani na kuligeuza kituo cha familia. Kwa miaka kadhaa hakutoka mbele ya hadhira kama ilivyokuwa kawaida yake.

Eda ya mfiwa ina siku zake zinazojulikana. Eda ya sauti haina hesabu, na walio nje hawawezi kumwambia mwenyewe lini atoke.

Alitoka Septemba 2006 huko Granada, akaimba usiku tatu katika kasri ya Carlos wa Tano ndani ya eneo la Alhambra. Maonyesho hayo yalitolewa kwa picha na sauti mwaka uliofuata. Hapo ndipo baadhi ya nyimbo mpya ziliposikika, na miezi miwili baadaye albamu ikawafikia watu.

Furaha ya kwanza ya wasikilizaji ilikuwa nyepesi na ya haki: sauti ilikuwa ile ile. Miaka tisa haikuikwaruza. Wimbo wa kufungulia, Incantation, ni wa sauti inayopanda na kushuka bila hadithi ya kufuatwa, na wengi waliridhika papo hapo, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mwenyeji aliyedhani amehama. Nami nawaelewa. Yako mapenzi ya sauti ambayo hayangoji maana.

Halafu zikaja lawama, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hakuna jipya. Wakosoaji na hata wapenzi wa siku nyingi walisema kwamba mtu aliyekaa kimya miaka yote ile angalirudi na kitu kilichobadilika, lakini yeye karudi na udi ule ule, ngoma zile zile na msafara ule ule wa ngamia. Lawama hii ina ukweli wake. Caravanserai na The Gates of Istanbul ni nyimbo zenye ala za kuvutia, lakini maneno yake ni mepesi kuliko muziki. Zinataja njia, nyota na mahema kama daftari la msafiri aliyepita upesi. Aliyezizoea beti za Tennyson katika koo ile ile lazima ahisi upungufu. Si ajabu kwamba wengi waliukimbilia The English Ladye and the Knight, ambao maneno yake ni ya Walter Scott, kutoka katika utenzi wake wa mwaka 1805. Ni wimbo mmoja tu katika tisa uliosimama juu ya shairi la namna ile waliyoizoea, na palepale kisa kikashika, vina vikaita vina.

Hata hivyo, lawama ya kukosa jipya sikubaliani nayo kwa jumla. Inatoka kwa watu waliozoea kwamba kila msanii lazima avunje nyumba yake kila baada ya miaka mitano ili aonekane anaishi. Malenga wetu akifiwa haachi mizani wala vina. Anakwenda kwenye bahari ile ile ya utungo aliyoitumia arusini, na humo ndimo anamotia uchungu wake, na wasikilizaji wanaujua uchungu huo kwa uzito wa neno na si kwa kuvunjika kwa umbo. Kurudi na umbo la zamani baada ya msiba kunaweza kuwa ni kusema: hiki hakikuzama.

Wako pia waliolalamika kwamba ameiacha Ireland akahamia Mashariki. Hao walikuwa wamechelewa kwa miaka 15. Lakini lalamiko lao lilizaa jambo la kuchekesha kidogo, kwani wimbo ambao ungewafundisha zaidi ulikuwa mbele yao. Sacred Shabbat ni lahani isiyoimbwa, ya jadi ya Kiyahudi, na lahani hiyo ndiyo ile ya wimbo maarufu wa Kituruki wa Üsküdar, ambayo Eartha Kitt aliiimba mwaka 1953. Wagiriki wanasema ni yao, Wabulgaria wanasema ni yao, Waserbia vilevile, na mpenzi wa kasida za Kiarabu akiisikia ataanza kuifuatisha kwa maneno mengine kabisa. Mtu akiuliza lahani hii ni ya nani, atapata ugomvi badala ya jibu. Kwa mawazo yangu McKennitt hakuhitaji kuandika neno lolote kuelezea makusudio ya albamu yake baada ya kuiweka lahani hiyo pale.

Neno moja juu ya jina, kwa kuwa tafsiri ndiyo kazi iliyonizoesha kuchungua majina. An Ancient Muse halina Kiswahili chepesi. Muse ni miungu wa kike wa Wayunani waliomnong'oneza mtunzi. Mshairi aliwaita kabla ya kuanza. Mtunzi wetu wa utenzi huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha huagiza karatasi, kalamu na wino. Hana jini wa kike wa kumwita. Nimejaribu “Ilhamu ya Kale”, na nadhani inatosha, ingawa ilhamu haina sura ya mwanamke na jina la Kiingereza linayo.

Mwanamke huyo ndiye aliyewashughulisha wasikilizaji wa kundi la mwisho, waliokuwa wengi na wenye mapenzi ya kweli. Wao hawakutafuta jipya wala Ireland. Walitafuta maiti. Walisikiliza kila mstari wakingoja pale ambapo ajali ya Ziwa Huron ingetajwa, na waliposikia Penelope's Song wakaamini wameipata. Penelope, katika masimulizi ya Homer, anamngoja mumewe Odysseus aliyepotea baharini kwa miaka 20; mchana anafuma sanda ya baba mkwe wake, usiku anaifumua, ili wachumba wasimwoe. Mwimbaji aliyempoteza mchumba majini anaimba juu ya mwanamke anayemngoja mwanamume wa majini: nani asiyefanya hesabu hiyo? Mke wa nahodha wa mwambao, aliyezisoma pepo za kusi na kaskazi kama wengine wasomavyo kalenda, angeifanya mara moja.

Lakini hesabu haikubali. Odysseus anarudi. Kama McKennitt alitaka kusimulia yaliyompata, katika hazina yote ya visa vya bahari alichagua kisa kimoja ambacho hakikufanana na chake mwishoni. Wapo watakaosema kwamba huo ndio uchungu wenyewe. Inawezekana. Lakini hapo anayesema ni msikilizaji, si mwimbaji.

Na mwimbaji alikuwa amekwisha kuweka mpaka, si kwa wimbo bali mahakamani. Mwaka 2005 aliyekuwa rafiki yake alichapisha kitabu juu yake, chenye habari za nyumbani, na miongoni mwake hali yake baada ya kifo cha mchumba. McKennitt akashitaki huko Uingereza. Desemba 2005 Mahakama Kuu ikampa haki katika sehemu kubwa ya madai, na Desemba 2006, wiki chache baada ya albamu kutoka, Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Wanasheria bado wanaitaja kesi hiyo wanapojadili faragha. Baadhi ya wapenzi wake walisikitika wakimwona mkali: mtu anayeuza hisia zake, walisema, anawezaje kuzifungia ndani? Hoja hiyo inavutia mpaka uitazame vizuri. Alichouza ni nyimbo.

Katika taarabu tumelimaliza jambo hili zamani kwa fumbo. Mtunzi anatunga, mwimbaji anaimba, na msikilizaji anainuka kutoka kitini na pesa mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwenye mstari ule anaoutaka. Ukumbi mzima unageuka kutazama nani kainuka na nani kakunja uso. Mtunzi alikusudia nini, hakuna anayemwendea kumwuliza. Wimbo umekwisha kuwa wa aliyeinuka, pamoja na aibu yake na ushindi wake. Wale waliolia kwa Never-ending Road, wimbo wa mwisho wa albamu ambao jina lake la pili kwa Kigaeli cha Ireland ni Amhrán Duit, yaani wimbo kwa ajili yako, walikuwa wameinuka kitini. Hawakukosea kulia. Wangekosea tu kudai kwamba wamesoma barua ya mtu.

Albamu iliingia miongoni mwa tano zilizoshindania tuzo ya Grammy ya muziki wa kisasa wa ulimwengu mwaka 2008, na aliyeshinda ni Angélique Kidjo wa Benin. Mwaka 2010 McKennitt alitoa The Wind That Shakes the Barley, karibu yote ya nyimbo za jadi za Kiselti, na wale wa Ireland wakapata chao. Kazi kubwa ya nyimbo zake mwenyewe haikuja tena mpaka mwaka 2018, nayo iliitwa Lost Souls, roho zilizopotea. Kwa jina kama hilo, watafutaji wa msiba wakarudi na taa zao. Nyimbo kadhaa za albamu hiyo zilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu miaka kumi kabla ya ajali.